Mlango wa Stoo Uliofungwa kwa Ndani

Jagi la uji lilikuwa mezani ndani ya mfuko wa ushahidi, limebandikwa karatasi: kielelezo namba moja. Uji wa wimbi uliobaki ulikuwa wa kina cha vidole viwili, umeganda na kufanya ngozi juu. Inspekta Chelimo alilisogeza pembeni apate kumwona vizuri mwanamke aliyekaa ng'ambo ya meza.

"Anza jana asubuhi, Mama Apiyo. Usiruke kitu."

"Nimeambia hao wenzako mara tatu."

"Mimi hujaniambia."

Apiyo alikuwa na miaka arobaini na kitu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba hadi kufunga, na lile la kulia halikumtoka Chelimo.

"Nimepika uji hapo Yamumbi miaka kumi na mbili. Jana nilipika kama kila siku. Saa nne, Kiplimo akakuja. Wao walikuwa wanatoa vitu kwa ile nyumba ya marehemu Mzee Gathogo. Akaniambia, 'Mama, tuwekee jagi, tuko watatu.' Nikamwekea. Nikampa na vikombe vyangu vitatu vya bluu. Akaenda."

"Uji wa jagi ulitoka sufuria gani?"

"Iko sufuria ngapi? Ni hiyo moja. Watu wa bodaboda walikunywa, fundi wa viatu akakunywa, mimi mwenyewe nikakunywa. Mbona sisi hatujakufa?"

"Wanasema uliweka kitu kwenye jagi."

"Kiplimo alikuwa ananiita mama, na mimi namwita bwanangu kwa utani. Nimuue nipate nini?"

Chelimo alifungua daftari. Aliandika: *vikombe vitatu*. Kwenye orodha ya vitu vilivyochukuliwa uani kwa Gathogo vilikuwa viwili.

"Nani alikuwa wa kwanza kutaja uji?"

Apiyo alifikiri. "Gideon. Yule bosi wao. Alifika na pikipiki, hakuingia hata kwa ile nyumba. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu na kupiga kelele, 'Huyu mama ameua vijana wangu na uji!' Ndipo wakanianza."

Kibanda chake kilikuwa kimevunjwa na yeye kupigwa kwa muda wa kama dakika kumi kabla gari la polisi halijafika. Saa ya kukamatwa ilikuwa imeandikwa vizuri: saa tisa na robo. Kwa hiyo, kwa sheria ya saa ishirini na nne, ilikuwa lazima afikishwe kortini leo kabla ya saa hiyo, na kesi ilikuwa imepangiwa saa nane. Otiende, mkuu wa Chelimo, alikuwa amelieleza jambo hilo kwa maneno machache. Kiplimo amekufa, mwenzake Njenga yuko hospitali, na wote wawili walikunywa kutoka jagi moja. Bila karatasi ya kuonyesha vinginevyo, upande wa mashtaka ungeomba Apiyo azuiliwe siku kumi na nne kwa shuku ya mauaji, na ungezipata.

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi.

* * *

Daktari Nyokabi alikuwa amemaliza upasuaji na alikuwa akinawa mikono. Hakuwa na desturi ya kusalimia watu ndani ya mochari.

"Hapa kwetu mtu akifa akitapika, kitu cha kwanza tunachotafuta ni dawa ya mahindi," alisema. "Vile vidonge vya kuua dumuzi. Kila boma linavyo. Nimepima uji uliokuwa tumboni mwake. Vingekuwemo, karatasi ya kupimia ingegeuka nyeusi. Imebaki nyeupe."

"Na uji wa jagi?"

"Vilevile. Nyeupe. Nimepeleka sampuli kwa mkemia kwa sumu nyingine, lakini sitegemei kitu."

"Kwa nini?"

Nyokabi alifunga mfereji. "Mapafu. Mapafu ya kijana wa miaka ishirini na sita anayebeba makabati kutwa nzima yanatakiwa kuwa mepesi. Haya yamejaa maji kama ya mtu aliyezama. Huyu hakula sumu, Chelimo. Aliivuta."

"Utaniandikia hivyo?"

"Nitaandika nilichokiona. Mapafu yamejaa maji, tumbo halina sumu. Alivuta nini, hapo sijui. Mimi nilipewa maiti, sikupewa chumba."

Kwenye trei kando ya ukuta kulikuwa na mali ya marehemu: simu, kitambulisho, bangili ya shaba. Chelimo aliiinua bangili kwa kibano. Shaba iliyovaliwa kila siku hung'aa upande wa ndani, panaposugua ngozi. Hii ilikuwa nyeusi ndani na nje, weusi wa masizi, kana kwamba imetolewa jikoni. Aliijaribu simu. Haikuwaka. Matundu yake ya chaji nayo yalikuwa meusi.

"Ilikuja hivi?"

"Hatujaigusa."

Aliviandika vyote viwili, akasaini mbele ya Nyokabi na kuchukua nakala.

* * *

Nyumba ya marehemu Mzee Gathogo ilikuwa ya mawe, ya vyumba vitano, na nyuma yake stoo ya matofali yenye mlango mmoja na dirisha dogo. Mzee alikuwa mnunuzi wa mahindi. Kwa miaka thelathini alikuwa akiyachukua Ainabkoi na Moi's Bridge, anayaweka hapo, anangoja bei. Binti yake Waiyego alikuwa amempa Gideon Kimeli kazi ya kuiondolea nyumba takataka na vyombo ili ipangishwe.

Lori la Gideon lilikuwa bado uani, limejaa nusu: magodoro, viti vilivyovunjika, magunia. Kimutai, dereva, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori akitafuna kijiti.

Chelimo alimpita, akaenda stoo. Polisi wa jana walikuwa wameandika neno moja kuhusu mlango ule: *mbovu*. Aliutazama bila kuvuka kizingiti. Komeo lilikuwa upande wa ndani. Misumari yake minne ilikuwa imeng'oka na kuacha mbao nyeupe, isiyo na vumbi. Mlango haukuwa mbovu. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, kisha mtu akauvunja kutoka nje, na si zamani.

Sakafu ilikuwa na unyevu. Katikati palikuwa na takataka zilizokusanywa kwa ufagio, na juu yake unga wa kijivu uliolowana. Mtungi wa lita ishirini ulikuwa umelala ubavuni. Dirisha lilikuwa limepigiliwa bati.

Ndipo harufu ikamfikia, hafifu, ya samaki aliyeoza na kitunguu saumu. Chelimo alikuwa amekulia Moi's Bridge, na aliijua harufu hiyo kabla hajajua kusoma. Alirudi nyuma hatua kumi, akamwamuru konstebo asogeze watu mpaka kwenye geti, kisha akapiga simu.

Mtu wa maghala alifika baada ya nusu saa na kifaa chake cha kupimia hewa. Alivaa kinyago cha mpira chenye kopo la kuchujia, akanyoosha mkono hadi mlangoni na kusoma.

"Tatu," alisema alipokivua. "Mwisho wa kuruhusiwa ni sufuri nukta tatu. Na hapa mlango umekaa wazi usiku mzima, madam. Jana, kama ulikuwa umefungwa, hata sitaki kukisia."

"Vidonge vya dawa ya mahindi vikikaa vikavu?"

"Ndani ya chupa yake, vinakaa miaka. Vikipata hewa, vinatoa gesi polepole. Ukivimwagia maji, vinatoa yote kwa mara moja. Gesi hiyo hata shaba inaigeuza nyeusi."

Waiyego alikuwa amefika na funguo. Alikuwa mwalimu, mwanamke wa kuongea taratibu, na alisimama getini akiwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Nilimwambia Gideon," alisema kabla hajaulizwa. "Jumapili jioni. Soma."

Ujumbe ulikuwa bado upo. *Kwa stoo ya nyuma kuna dawa ya mahindi ya baba. Msifungue hiyo stoo mpaka Alhamisi nilete mtu wa maghala.* Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: *Sawa madam.*

"Na jana?"

Waiyego alitazama chini. "Jana alinipigia saa sita na dakika kumi na tisa. Akasema kuna ajali kidogo, ati nifute hiyo meseji, tusisumbuane na serikali. Sikuwa najua mtu amekufa. Lakini sikufuta. Nilijiuliza, mbona nifute?"

Chelimo alipiga picha ujumbe na orodha ya simu zilizopokewa, akaandika saa, akamwomba asaini. Kisha akaenda kwa Kimutai.

"Wewe hukunywa uji."

"Sikukunywa, madam. Niliandikisha hivyo jana."

"Kwa nini?"

"Sipendi wimbi."

"Fungua lori."

Kimutai alifungua polepole kuliko ilivyohitajika. Chini ya kiti cha dereva, kati ya jeki na kitambaa chenye mafuta, kulikuwa na kikombe cha bluu. Uji ulikuwa umekaukia kwenye ukingo wake.

"Hiki kilikunywa chenyewe?"

Kijiti kilianguka kutoka mdomoni mwake.

"Madam, nilikunywa. Mbili, hata. Nilijaziwa ya pili na Kiplimo mwenyewe."

"Ukaumwa?"

"Hata kiungulia sikupata."

"Kwa hiyo kuna mwanamke ndani ya seli kwa sababu wewe hupendi wimbi."

"Ni bosi. Nilimpigia, nikamwambia Kiplimo ameanguka kwa stoo. Akaniuliza, 'Wamekula nini?' Nikasema uji tu. Akaniambia, 'Sikiza Kimu, wewe hukukunywa. Ukisema ulikunywa na uko mzima, watasema ni wewe uliwawekea.' Nikaogopa, madam. Mimi na Kiplimo tulikuwa tumekosana juu ya redio wiki iliyopita. Kila mtu anajua."

"Redio gani?"

Kimutai alijifuta uso. "Huku kwa hii kazi kuna sheria yetu. Tunaiita mkono wa kwanza. Nyumba ikitolewa vitu, chenye mwenyewe hataki ni cha yule ameshika kwanza. Redio, waya, chupa, chochote. Mimi niliona redio, Kiplimo akaishika. Basi."

"Na stoo?"

"Kila mtu anachukua chumba chake. Ukipata chumba kizuri, unafunga mlango."

"Kwa nini?"

Alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mvua hulowesha. "Si ndio wengine wasiingize mkono!"

Chelimo aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa. "Mkoba wa Kiplimo uko wapi?"

Ulikuwa nyuma, chini ya magodoro. Ndani, ndani ya fulana iliyokunjwa, kulikuwa na chupa tano za alumini zenye vifuniko vya kusokota, kila moja ikitosha lita moja. Karatasi zake zilikuwa na fuvu la kichwa. Zilikuwa tupu.

"Hizi zinafanya kazi gani?"

"Hizo ni nzuri sana, madam. Hazivuji. Watu wa mafuta ya taa wanazitaka, hata watu wa maziwa."

Kiplimo hakuzigusa chupa hizo kwa kutojua. Alizitaka chupa, hakutaka kilichokuwa ndani. Alivimwaga vidonge sakafuni pamoja na takataka nyingine, akazificha chupa lorini, akarudi na kujifungia, akaushika ufagio.

"Na maji? Nani aliwaambia mmwage maji?"

"Hiyo ni ya bosi. Tulikuwa tunakohoa vumbi tukaomba maski. Akasema maji ndiyo maski. Unamwaga kwanza, halafu unafagia. Hata ameandika kwa ukuta ofisini."

* * *

Njenga alikuwa kwenye kitanda cha mwisho cha wodi, karibu na dirisha. Oksijeni ilikuwa ikimwingia puani kwa mpira, na bado kila pumzi ilisikika. Muuguzi alimpa Chelimo dakika kumi na kusema waziwazi kwamba moyo wa mgonjwa haukuwa ukienda sawa tangu alfajiri.

Chelimo alivuta kiti. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Njenga, mimi ni Inspekta Chelimo. Nitauliza kwa ufupi. Ukichoka, inua mkono."

"Kiplimo?"

"Alikufa jana."

Njenga alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Uliza."

"Nani aliufunga mlango wa stoo?"

"Yeye. Mimi nilikuwa chumba cha kulala." Alivuta pumzi tatu. "Nikamwambia, wacha wazi. Akanicheka. Akasema, 'Wewe Mkikuyu una mikono mirefu.'"

"Kisha?"

"Nikasikia akikohoa. Halafu kitu ikaanguka. Nikaita. Nikagonga. Nikavunja na bega." Pumzi. "Alikuwa chini, uso kwa maji. Nikamvuta. Ni mzito. Nilipumzika mara mbili."

"Ulipumzika ndani?"

"Ndani."

Kalamu ya Chelimo ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Uliviona vidonge?"

"Niliona. Alinionyesha chupa kabla hajafunga."

"Mlijua ni nini?"

"Nani hajui? Ni dawa ya mahindi. Nimeshika na mkono toka nikiwa mtoto." Alijaribu kuinuka, akashindwa. "Hiyo haina shida, afande. Bora usilambe."

Maneno hayo Chelimo aliyaandika ndani ya alama za kunukuu. Zaidi ya bangili na kifaa cha kupimia, ndiyo yaliyokuwa yakieleza vifo vya aina hii katika wilaya zote za mahindi alizowahi kufanyia kazi. Watu walijua kwamba kidonge kile huua kikimezwa. Kwamba maji hukigeuza kuwa hewa, na hewa hiyo huua vilevile, hilo hakuna aliyekuwa amewaambia, na yule aliyepaswa kuwaambia alikuwa amejibu *Sawa madam*.

"Gideon aliwaambia msifungue stoo?"

"Alisema tuanze nayo mapema. Leo lori ilikuwa iende Ainabkoi, nyumba ingine."

"Na uji wa Mama Apiyo?"

Njenga alimtazama kwa mara ya kwanza kana kwamba hakuelewa. "Uji imefanya nini?"

"Wanasema ndio uliomuua Kiplimo."

"Wazimu." Mkono wake uliinuka, lakini haukuwa wa kuomba kupumzika. "Andika hiyo. Uji ilikuwa sawa. Wote tulikunywa. Andika na jina langu."

Alimsomea maelezo yote kwa sauti. Njenga hakuweza kushika kalamu, hivyo akaweka dole gumba, na muuguzi akasaini kuwa shahidi. Dakika zilikuwa kumi na nne. Muuguzi hakumtazama Chelimo alipokuwa akitoka.

* * *

Ofisi ya Gideon Kimeli ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, katikati ya mji. Ukutani kulikuwa na bango lililoandikwa kwa rangi nyekundu: MWAGA MAJI KWANZA, FAGIA BAADAYE. USALAMA NI WAKO.

Gideon alikuwa mtu wa miaka hamsini, mnene, mwenye koti safi. Alisimama, akatoa mkono, akauliza kama afande angekunywa chai.

"La. Wafanyakazi wako wanavaa nini wakiwa kazini?"

"Maski na glavu. Kila siku. Mimi sichezi na mambo ya usalama, afande. Nimesomea." Alifungua daftari. Majina matatu ya jana yalikuwa pale, kila moja na saini: *Nimepokea maski*. Kutoka kwenye rafu akateremsha sanduku. "Na hizi ndizo zenyewe. Vifaa kamili."

Juu ya sanduku palikuwa pameandikwa kwamba lina maski hamsini. Chelimo alizimimina mezani, akazihesabu kwa sauti, kumi kumi. Zilikuwa hamsini.

Gideon alitabasamu. "Hilo ni sanduku jipya."

"Lete la zamani."

"Tulitupa."

"Nionyeshe risiti ya kulinunua."

Tabasamu lilipungua. Chelimo alizirudisha maski ndani moja moja. Alijua jambo ambalo Gideon hakulijua, na hakuona haja ya kumpa: maski hizi za vumbi zisingezuia gesi ile hata kidogo. Kiplimo angekufa akiwa ameivaa. Sanduku halikuthibitisha chanzo cha kifo. Lilithibitisha kwamba daftari lilikuwa la uongo.

"Waiyego alikwambia nini Jumapili?"

"Kuhusu?"

"Stoo."

"Hakuniambia chochote kuhusu stoo. Hao vijana wamekufa na uji, afande. Mama mwenyewe mko naye ndani."

"Umesema wamekufa. Aliyekufa ni mmoja."

"Nimeteleza ulimi. Nina huzuni."

Chelimo aliiweka picha ya ujumbe mezani. Gideon aliisoma, akaisoma tena, kisha akakaa chini.

"Nilisahau," alisema. "Haki ya Mungu, nilisahau. Mtu ana nyumba tatu kwa wiki, lori moja. Mtu husahau."

"Inawezekana. Jumatatu ulisahau, na jana asubuhi ulisahau." Aliweka picha mbili zaidi, za orodha za simu za Waiyego na Kimutai. "Saa sita na dakika tisa Kimutai alikupigia akakwambia Kiplimo ameanguka ndani ya stoo. Saa sita na dakika kumi na tisa ulimwomba Waiyego afute ujumbe. Kwa hiyo saa hiyo ulikuwa unakumbuka. Hujafika Yamumbi, hujamwona mgonjwa, hujui kama yuko hai. Lakini ulikuwa umeshajua ni stoo. Kisha ukaenda kwa Apiyo."

Gideon aliisukuma picha ya ujumbe mbali naye.

"Ungemwambia daktari ni dawa ya mahindi, Njenga angetibiwa hivyo kuanzia jana mchana. Walimtibu tumbo usiku kucha."

"Mimi nina watoto, afande."

"Simama."

Konstebo alikuwa akimfunga pingu wakati simu ya Chelimo ilipolia. Alikuwa muuguzi wa wodi. Alisikiliza, akasema ahsante, akaitazama saa yake na kuandika kwenye ukurasa wa maelezo ya Njenga, chini ya alama ya dole gumba: *Amefariki saa sita na dakika arobaini mchana.* Sasa kulikuwa na vifo viwili, na Gideon, aliyesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, alianza kulia bila sauti.

* * *

Mahakamani haikuchukua hata dakika tano. Kiongozi wa mashtaka alisoma barua ya Nyokabi, kipimo cha mtu wa maghala, maelezo mapya ya Kimutai na maelezo ya marehemu Njenga, akasimama na kusema kwamba hana ombi lolote dhidi ya mshukiwa. Hakimu akaandika. Apiyo akaambiwa aende nyumbani. Hakuondoka. Chelimo alimkuta kwenye korido, amesimama akiegemea ukuta.

"Njenga ndiye alisema uji ilikuwa sawa?" aliuliza Apiyo.

"Ndiyo. Aliomba iandikwe."

"Mungu amlaze." Aliitazama karatasi mkononi mwa Chelimo. "Na hiyo karatasi yako, ni nani anaisoma?"

Chelimo alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Mkuu wangu. Kiongozi wa mashtaka. Hakimu. Na wakili wa Gideon, akipata wakili."

"Watu wanne."

"Wanne."

"Walionipiga hata sikuweza kuwahesabu." Alijigusa jicho kwa ncha ya kidole. "Hao wanne wajue, mimi nimesaidika nini? Kesho nikipika, nani atakunywa?"

"Hilo siwezi kulijibu."

"Najua huwezi. Basi nifanyie kingine. Nirudishe na gari ya polisi. Si ndiyo ilinitoa hapo? Unishushe pale pale, watu wakiwa wamejaa. Na wewe ushuke useme."

Chelimo alitafuta kichwani kanuni iliyokataza jambo hilo. Hakuipata.

Saa tisa kasoro dakika tano, gari lilisimama Yamumbi kando ya barabara. Apiyo alikuwa amekaa mbele. Pale kibanda kilipokuwa pamebaki nguzo mbili, na kati yake watu wa bodaboda walikuwa wameshaegesha pikipiki zao kivulini mwa bati lililoinama. Watu walisogea. Wengine walianza kupiga miluzi.

"Mchawi amerudi na eskoti!"

Chelimo alishuka, akasimama karibu na mlango wa Apiyo. Hakuipandisha sauti, kwa hiyo ikawabidi wanyamaze ndipo wasikie.

"Kiplimo aliuawa na gesi ya dawa ya mahindi ndani ya stoo ya Mzee Gathogo. Ilimwagiwa maji mlango ukiwa umefungwa. Bosi wake alijua dawa ilikuwepo na hakusema. Tumemkamata. Uji umepimwa na daktari. Hauna sumu. Watu watatu walikunywa jagi lile, na mmoja wao alikunywa vikombe viwili, yuko mzima."

"Polisi ni polisi," alisema mwanamume mmoja mwenye jaketi ya kijani. "Njenga aje aseme mwenyewe. Yeye ndiye alikuwa ndani."

"Alisema leo saa tano na nusu. Ninayo hapa, na dole gumba lake." Chelimo aliifungua karatasi na kusoma mistari mitatu ya mwisho, kama ilivyoandikwa, hadi *andika na jina langu*. Kisha akasoma ule mstari ulioongezwa chini yake, pamoja na saa.

Hakuna aliyeuliza tena. Mahali fulani nyuma mwanamke alianza kusema jina la Njenga, akaacha.

Apiyo alifungua mlango mwenyewe. Alipita katikati yao bila kumwangalia mtu, akafika kwenye nguzo zake, akasimama. Pikipiki tano zilikuwa zimemzibia njia. Alisubiri. Hakuomba.

Mwenye jaketi ya kijani alitema mate pembeni, akatazama ardhi. Halafu akashika usukani wa pikipiki ya kwanza, akapiga teke stendi yake, akaanza kuisukuma kuiondoa pale.